Kiti kinawaangusha wazee

Mzee akianguka, nyumba nzima hukimbilia neno moja: kaa. Kaa hapo, baba, tutakuletea. Kaa, bibi, chai utaletewa, maji ya kunawa utaletewa, simu utaletewa. Kiti kinasogezwa kivulini, mto unawekwa mgongoni, na kuanzia siku hiyo kazi ya mzee ni kukaa. Jirani akipita anasifu: huyu ana watoto wanaomtunza.

Tunasema wazi kwamba matunzo ya namna hiyo yanawaangusha wazee. Mzee aliyewahi kuanguka anahitaji kusimama zaidi ya alivyokuwa akisimama, tena kwa mpango. Akishaimarika juu ya sakafu, ahamie juu ya kitu laini kinachobonyea chini ya nyayo, ajifunze kuyumba na kujirudisha. Zoezi hilo linafanyika jikoni, halidai ada wala umeme. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kando ya mzee, na wizara ya kuyahesabu mazoezi kuwa tiba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka. Katika vifo vya majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka kunashika nafasi ya pili baada ya ajali za barabarani. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo vya kuanguka hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Watu wengine milioni 37.3 kila mwaka huanguka wakaumia kiasi cha kuhitaji matibabu. Kwa bodaboda tuna kampeni, sheria, helmeti na mabango. Kwa bibi aliyeteleza bafuni tuna pole.

Shirika hilohilo linasema kwamba kati ya watu wenye miaka 65 na zaidi, asilimia 28 hadi 35 huanguka kila mwaka. Karibu mmoja kati ya watatu. Mtaani kwako hesabu hiyo inaonekana ndogo kwa sababu wazee wanaficha. Anayesema ameanguka anajua atanyang'anywa jembe, safari ya sokoni na ruhusa ya kwenda msibani peke yake. Kwa hiyo anasema amejigonga mlangoni.

Tuliangalie anguko lenyewe. Saa nane usiku mzee ameamka kwenda haja ndogo, maana dawa ya presha aliyopewa inamwongezea mkojo. Anainuka kwa haraka, kichwa kinakuwa chepesi. Taa hawashi, asije akawaamsha wajukuu. Ndara zake zimelika upande wa kisigino, na saruji ya bafuni bado ina maji ya aliyeoga mwisho. Mguu wa kulia unateleza nusu hatua. Kijana angejirudisha hata bila kufahamu kwamba ameteleza: kifundo kingekaza, nyonga ingerudi nyuma, mguu wa pili ungepiga hatua ya upesi kando. Mwili wa mzee unajua kuyafanya hayo yote, ila unachelewa. Anashika pazia la mlangoni, na pazia halikuwekwa pale kubeba mtu.

Kinachofuata watu wengi wamekishuhudia. Nyonga imevunjika. Hata katika nchi tajiri, ambako mgonjwa hupasuliwa ndani ya siku moja au mbili, takribani mtu mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga uzeeni hufariki kabla mwaka haujaisha. Kwetu wapo wanaoanzia kwa mganga wa mifupa wa kijijini, wapo wanaosubiri ukoo uchange nauli, na wapo wanaofika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili au KCMC ya Moshi wakiwa wamechelewa. Mzee analala chali wiki nyingi. Vinakuja vidonda vya mgongoni, inakuja nimonia, damu inaganda mguuni. Binti anafunga genge lake ili amgeuze mama kitandani. Hasara hiyo ya binti haimo kwenye takwimu ya wizara yoyote.

Na yule asiyevunjika? Huyo anapata hofu. Anafupisha hatua, anaburuza miguu, anashika kila ukuta, anaacha kwenda kwa rafiki yake wa bao. Misuli ya mapaja inanywea. Anapoanguka mara ya pili, watu wanasema uzee umemshinda.

Ili kuelewa kwa nini kusimama juu ya kitu laini kama sponji kunasaidia, inatosha kujua kwamba mtu husimama kwa habari zinazotoka sehemu tatu. Macho yanaona nyumba ilivyosimama. Sikio la ndani linahisi kichwa kinapoinama au kugeuka. Nyayo, vifundo na misuli vinaeleza ardhi ikoje na uzito umelalia wapi. Ubongo unazipima habari hizo tatu na kuamua misuli ipi ikaze. Daktari Moritz Romberg wa Berlin, katika miaka ya 1840, aliandika kuhusu wagonjwa waliosimama vizuri macho yakiwa wazi, lakini wakiyafumba walianza kuyumba. Miguu yao ilikuwa imeacha kupeleka habari, na macho ndiyo yaliyokuwa yakibeba mzigo wote. Mzee anayeshika ukuta akiinama kunawa uso, macho yamefumba, anaonyesha jambo la jamaa moja na hilo.

Uzee unapunguza nguvu ya sehemu zote tatu, na maradhi yetu ya sasa yanaongeza. Mtoto wa jicho anaziba macho. Kisukari cha miaka mingi kinaua hisia za nyayo, hata mtu akakanyaga kipande cha chupa asijue. Sikio la ndani nalo linachoka. Mzee wa namna hii anapofika kwenye sakafu iliyolowa, habari zinazofika kichwani ni chache na zinachelewa.

Sasa msimamishe juu ya kipande cha sponji nene. Ghafla nyayo zinasema uongo: zinabonyea huku, zinainuka kule, na ubongo hauwezi kuzitegemea. Unalazimika kuyasikiliza macho na sikio la ndani kwa makini zaidi. Ukiangalia vifundo vyake utaviona vinacheza kulia na kushoto bila kupumzika, vidole vinakwangua sponji, magoti yanalegea na kukaza. Mzee anacheka kwa woga. Huko kuyumba ndiko kazi yenyewe. Akirudia siku baada ya siku, masahihisho yanakuwa ya haraka na madogo, na hayo ndiyo aliyoyakosa siku ile mguu ulipoteleza bafuni.

Hapa inabidi tuseme kweli yote, kwa sababu kuna wanaouza. Katika kumbi za mazoezi za mijini zimejaa mbao za kuyumba, nusu mipira na magodoro ya hewa, na mwenye duka atakwambia bila hivyo hakuna balansi. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2019 mtandao wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio 108 yaliyohusisha watu zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25. Mazoezi kwa jumla yalipunguza kasi ya kuanguka kwa asilimia 23. Mazoezi ya kujisawazisha na ya shughuli za kila siku, kama kuinuka kitini na kupanda ngazi, yalipunguza kwa asilimia 24. Yalipochanganywa aina zaidi ya moja, mara nyingi kujisawazisha pamoja na kuimarisha misuli, upungufu ulifika kama asilimia 34. Hakuna kidonge cha kuzuia kuanguka kinachokaribia hapo.

Mfano unaosifiwa zaidi ulianzia Dunedin, New Zealand, katika Chuo Kikuu cha Otago, miaka ya 1990. Mtaalamu alimfuata mzee nyumbani, akampa vizito vidogo vya kufunga vifundoni na orodha fupi ya mazoezi ya kufanya mara 3 kwa wiki: kuinuka kitini, kutembea kinyumenyume, kutembea kisigino kikigusa vidole, kusimama kwa mguu mmoja, kukunja magoti. Juu yake, matembezi mara 2 kwa wiki. Kuanguka kulipungua kwa takribani asilimia 35, na waliofaidika zaidi ni wenye miaka 80 na zaidi. Sponji haimo kwenye mpango huo hata kidogo. Nusu mpira haumo.

Watafiti waliolinganisha mazoezi juu ya sehemu isiyotulia na mazoezi mazuri juu ya sakafu ngumu hawakukuta tofauti kubwa ya kujivunia. Wameona pia kwamba mwili hujifunza kile hasa unachofanyishwa: anayefundishwa kusimama juu ya ubao wa kuyumba anakuwa hodari wa ubao, na uhodari huo hauhamii wote kwenye ngazi za basi. Uamuzi wetu basi ni huu. Sponji ina nafasi yake, na nafasi yake ni baada ya sakafu. Mzee ambaye bado anashindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono hana kazi na sponji. Ana kazi na kile kiti.

Aanzie hapo. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegemea ukuta. Mzee akae ukingoni, miguu iwe imekanyaga chini sawasawa, ainame mbele kidogo, ainuke, atulie, akae taratibu bila kujiangusha. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Watu wanadharau zoezi hili hadi walijaribu. Kisha asimame mbele ya meza ya jikoni au sinki, vidole vimegusa ukingo, ainue visigino, ainue vidole vya miguu, atembee kando kama kaa wa ufukweni. Akizoea, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari na ahesabu hadi 10. Akizoea hilo, mguu mmoja uondoke chini.

Siku atakapofanya yote haya huku vidole vikigusa meza kwa mbali tu, ndipo sponji inaingia. Usinunue kifaa. Nenda kwa fundi wa makochi umwombe kipande cha sponji ngumu, unene wa kama vidole vinne, upana wa kutosha miguu yote miwili na nafasi ibaki. Sponji ya mto wa kulalia haifai. Inalala chini papo hapo na mzee anakuwa amesimama sakafuni akidhani amepanda. Usiiweke juu ya mkeka wa plastiki wala juu ya kigae kilicholowa, maana itateleza yenyewe kabla ya mzee. Iwekwe kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikiwa nyuma yake na kiti kizito mbele yake. Miguu iwe peku, taa iwake au dirisha liwe wazi, na mtu mzima mwenye nguvu asimame kando, nyuma kidogo, mikono karibu na kiuno cha mzee bila kumshika. Ukimshika, kazi unaifanya wewe.

Apande mguu mmoja mmoja akiwa ameshika kiti. Asimame miguu ikiwa imeachana, atazame mbele, asitazame vidole. Aachie mkono mmoja, halafu wa pili. Baada ya siku kadhaa asogeze miguu karibu. Baadaye ageuze kichwa kulia na kushoto pole pole, kama anayeangalia magari kabla ya kuvuka. Kufumba macho juu ya sponji tunakukataza nyumbani. Hilo ni la mtaalamu. Na kushuka nako kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kupanda, kwa sababu ukingo wa sponji unanasa vidole.

Kwa kipimo, wanaopitia tafiti za mazoezi haya kwa wazee wenye afya wameona matokeo mazuri zaidi yanapofanyika kwa wiki 11 hadi 12, mara 3 kwa wiki, dakika 31 hadi 45 kila mara. Tunajua nyumba zetu zilivyo. Dakika 10 kila asubuhi kabla ya uji ni bora kuliko dakika 45 za wiki ya kwanza peke yake.

Aliyepata kiharusi, anayetetemeka mikono kwa ugonjwa wa Parkinson, aliyevunjika karibuni, mwenye kizunguzungu au ganzi ya miguu, aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo atapangiwa yake.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye muda. Waangalie walikotoka wazazi wao. Mzee wa Lushoto au wa Rombo ametembea kwenye miteremko tangu utotoni: mizizi, mawe, tope la masika, mfereji wa kuruka huku ana mzigo wa majani kichwani. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani husimama majini juu ya mchanga unaohama chini ya nyayo, wamejipinda kufunga mbegu kwenye kamba. Miguu yao imefundishwa kila siku na ardhi isiyotulia, na hakuna aliyewatoza ada. Halafu mtoto aliyefanikiwa anasema, mama, njoo mjini upumzike. Anamkabidhi sakafu ya vigae vinavyong'aa, choo cha ndani karibu na kitanda, msichana wa kazi wa kumletea kila kitu, na sofa laini linalommeza hadi mabegani. Msimu mmoja wa mvua haujaisha, mama aliyekuwa akipanda mlima anashika meza kuelekea chooni. Kisha watoto wanashangaa kwamba mji umemzeesha.

Hatusemi mama arudishwe mlimani. Tunasema apewe kazi ya kusimama. Aanike nguo mwenyewe. Amwagilie mboga. Aende dukani na mjukuu, wapite njia ya vumbi badala ya lami, pale ambapo hakuna pikipiki. Wakazi wa pwani wana zawadi ya bure ufukweni: maji yakishatoka, mchanga uliolowa ni mgumu kiasi na unabonyea kidogo, unafaa kwa anayeanza. Mchanga mkavu wa juu ni mzito na una mitego. Huo uje baadaye. Mzee aongozane na mtu, asubuhi, mbali na mawimbi na mawe.

Katika misikiti yetu viti vya plastiki vinaongezeka safu ya nyuma. Mwenye goti bovu ana ruhusa yake, na hatumwingilii. Ila tumeona pia wenye magoti mazima wakivikimbilia mapema, nao wanajinyima kusimama, kuinama na kuinuka ambako kumeiweka miguu ya baba zao hai kwa miaka mingi.

Tusije tukaeleweka kwamba mazoezi yanamaliza kila kitu. Bafuni pafungwe bomba imara la kushika, na sakafu ikaushwe kabla ya watu kulala. Ndara zilizolika zitupwe. Taa ndogo iwake usiku. Dawa zikaguliwe, hasa za usingizi na za presha, na daktari aambiwe mzee anaanguka. Macho yapimwe, maana mtoto wa jicho anatolewa. Haya yote kila mtu anayajua na yanaweza kufanyika ndani ya wiki moja. Misuli na vifundo ndivyo vinavyohitaji miezi, na ndivyo vinavyosahauliwa.

Twende kwa serikali. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar, tangu Aprili 2016, inalipa pensheni kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijathubutu. Kenya, kupitia Inua Jamii, inawalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunapongeza. Lakini katika hospitali zetu, dirisha la wazee linampa mzee foleni fupi ya kufikia vidonge. Halimuulizi kama ameanguka mwaka huu. Swali hilo halina gharama. Liwekwe kwenye kadi yake, liulizwe kila anapokuja.

Kipimo nacho hakina gharama. Mzee anakaa kitini, anaambiwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kinachohitajika ni kiti, alama ya chaki sakafuni na saa ya simu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa hilo kabla ya chakula cha mchana. Kipo na kile cha kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, kilichotangazwa sana mwaka 2022 baada ya watafiti wa Brazil kuwapima watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75. Mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Mguu mmoja hauui mtu; unaonyesha hali ya mwili mzima. Kwa mzee dhaifu tunapendelea kile cha kiti, maana hakimtishi.

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali za rufaa. Hatuwezi kuwasubiri waenee hadi kila kata. Mtaalamu mmoja wa wilaya anaweza kuwafundisha wahudumu wa jamii mazoezi sita au saba ya sakafuni, na kubaki na wagonjwa wagumu yeye mwenyewe. Na mahali pa kufanyia papo tayari. Siku ya kliniki ya presha na kisukari, wazee wanafika saa 12 asubuhi na kukaa kwenye mabenchi hadi saa 5 wakisubiri daktari. Wamekaa tu, kwenye jengo la afya. Dakika 10 za kuinuka na kukaa palepale kwenye benchi, muuguzi akihesabu kwa sauti, zingekuwa dozi ambayo haiishi stoo. Tunazitaka wizara za afya za Dodoma, Zanzibar na Nairobi zianze na kliniki hizo.

Wazee wenyewe hawana aibu inayodaiwa. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, kina bibi wa kikundi cha Shosho Jikinge wamejifunza karate ili wajilinde dhidi ya wabakaji. Sababu yao ni nzito kuliko mazoezi, lakini anayepiga teke anasimama kwa mguu mmoja, na wanasimama. Kama kikundi cha mtaa wa mabanda kimeweza hilo, vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya za kina mama na vyama vya wastaafu haviwezi kusema havina nafasi. Khanga na leso havizuii mtu kuinua kisigino.

Hoja inayobaki ni kwamba mzee ataanguka kwenye zoezi lenyewe. Inawezekana. Ndiyo maana tumeweka kona, kiti na mtu kando. Hatari ya zoezi lililosimamiwa ipo mchana, kwenye mwanga, mikono ya mwanawe ikiwa karibu. Hatari ya kukalishwa ipo usiku, bafuni, akiwa peke yake. Familia inachagua mojawapo hata pale inapodhani haijachagua.

Leo jioni mwombe mzazi wako ainuke kitini bila kutumia mikono. Akiweza, kesho asubuhi asimame mbele ya meza ya jikoni, nawe usimame kando yake. Akishindwa, aanze na kiti hicho hicho, mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, na ukienda naye kliniki mwambie daktari kwamba ameshindwa.